Siku tatu karibu na Madurai: je, majumba ya Chettinad yanafaa safari?

"Shikamoo mwalimu. Mwezi wa kwanza nampeleka mama Madurai, kusini mwa India, kutibiwa macho. Baada ya upasuaji tutakuwa na siku tatu kabla ya kurudi hospitali kukaguliwa. Mwenyeji wetu anasema twende Karaikudi tukaone majumba ya matajiri wa Kichettiar. Mimi ni mtu wa Tanga, Wahindi matajiri na majumba yao nimekua nikiyaona. Hao nao si ndio Wahindi hawa hawa wetu? Na pale kuna nini cha kumchosha mama saa mbili barabarani?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nendeni. Ila kwanza muulizeni daktari kama jicho la mama limeruhusiwa kukutana na vumbi, maana vijiji vile vina vumbi jekundu ambalo hata wenye macho mazima linawafanya wafikiche.

Swali lako la kwanza ndilo lililonikalisha kitako. Hapana, si hawa wetu. Wahindi uliokua nao Tanga, pamoja na wale wa Mombasa, Unguja na Kariakoo, wengi wao asili yao ni Kachi na Gujarati, upande wa kaskazini-magharibi: Mabohora, Makhoja, Mabhatia, Walohana. Hao walivuka bahari kuja kwetu, magharibi. Wachettiar wa Karaikudi, kwa jina kamili Nattukottai Chettiar, ni Watamil wa kusini kabisa, nao walivuka kwenda upande wa pili: Ceylon (Sri Lanka ya leo), Burma (Myanmar ya leo), Malaya, Singapore, Saigon, Medan. Wenyewe kwa wenyewe hujiita Nagarathar, yaani watu wa mjini. Kinachowaunganisha na Wahindi wetu kipo mdomoni mwako kila uendapo benki. Hundi. Neno hilo lilitufikia kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na karatasi ya namna hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Mchettiar kuhamisha fedha kutoka Rangoon, mji mkuu wa Burma enzi hizo, hadi Madras, yaani Chennai ya leo, bila sarafu hata moja kupanda meli.

Lakini tazama walipoachana. Tharia Topan, tajiri wa Kikhoja, alichuma Unguja, na alipotaka kuacha jina aliliacha Unguja: ile zahanati ya kale yenye roshani za nakshi inayotazama bahari, aliyoianzisha mwaka 1887. Mchettiar alichuma Burma, kisha akajenga kijijini kwao, mahali pasipo bandari, pasipo mto wa maana, pasipo biashara yoyote ya kumfanya mtu aweke hapo marumaru ya Italia. Ukilishika hilo, kila utakachokiona kitakuambia kitu. Usipolishika utaona nyumba kubwa tu, na nyumba kubwa, kama ulivyosema, umeshaziona.

Wenyewe husimulia kwamba asili yao ni Kaveripoompattinam, bandari ya wafalme wa Chola pale mto Kaveri unapoingia baharini. Wapo wanaosema bahari ilipanda ikawafukuza, wapo wanaosema ni ugomvi na mfalme. Hadithi zote mbili zinaishia pamoja: walihamia bara, kwenye nchi kavu ya mfalme wa Pandya. Ndiyo maana, wanasema, nyumba zao zimeinuliwa juu ya misingi mirefu. Watu waliendelea kuogopa maji hata walipofika mahali ambapo maji ni ya kutafuta. Mimi naipenda hadithi hiyo, ingawa naona pia kwamba msingi mrefu ni njia nzuri ya kumfanya mgeni apande ngazi kabla hajamsalimu tajiri.

Vijiji vyao vilikuwa 96. Vilivyobaki kwenye hesabu leo ni sabini na kitu, vimetawanyika katika wilaya za Sivaganga na Pudukkottai, na eneo lote ndilo huitwa Chettinad. Karaikudi ndio mji wake mkubwa, wenye stesheni, soko, chuo kikuu na foleni za magari. Kila Mnagarathar ni wa hekalu moja kati ya tisa, na hekalu ndilo ukoo. Kwa kawaida watu wa hekalu moja hawaoani. Na hekaluni watu hawahesabiwi kwa vichwa. Wanahesabiwa kwa "pulli", neno la Kitamil lenye maana ya nukta. Mume na mke waliofunga ndoa ni nukta moja, na mchango wanaotoa ni wa nukta moja. Likumbuke neno hilo, litakufaa ukishaingia ndani ya nyumba.

Sasa fedha zilitoka wapi? Zamani waliuza chumvi, wakaendelea na mchele na pamba. Utajiri wa kutisha ulikuja na Waingereza. Mwaka 1852 Waingereza waliiteka Burma ya Chini, na mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa. Mchele wa delta ya Irrawaddy ukapata soko lisilo na mwisho. Wakulima wa Kiburma walimiminika deltani kufyeka misitu na kulima mpunga, na kila mmoja alihitaji fedha za ng'ombe, za mbegu, za kula mpaka mavuno. Benki za Kizungu hazikumtaka mkulima mwenye matope miguuni. Mchettiar alimtaka. Riba yake ilikuwa nafuu kuliko ya wakopeshaji wa Kiburma wenyewe, na alikaa karibu, barazani, akiwa amekunja miguu mbele ya kisanduku cha mbao kilicholala chini kama meza ya mwalimu wa madrasa.

Kisanduku hicho ndicho kilikuwa benki nzima. Katika miji kama Singapore, mawakala wengi walishiriki nyumba moja ndefu iitwayo kittangi: mchana kila mtu na kisanduku chake na mkeka wake, usiku wanalala hapo hapo. Kijana wa kujifunza kazi aliitwa kwa jina lenye maana ya "mtoto wa chini ya kisanduku". Alianza kwa kufagia na kuchemsha maji, akapanda hatua kwa hatua hadi kushika vitabu. Wakala alitumwa kwa mkataba wa miaka mitatu hivi. Mke alibaki kijijini. Miaka mitatu ikiisha anarudi, anatoa hesabu kwa tajiri wake, anapumzika, na pengine anatumwa tena. Hapo ndipo penye siri ya majumba. Mtu asiyehama na mkewe hahamishi moyo wake. Kule ng'ambo alijenga hekalu la Murugan, mungu wao, lakini nyumba aliijenga kwao.

Mwaka 1905 ofisi zao Burma zilihesabiwa 30. Kufikia 1930 zilikuwa zipatazo 1,650. Kisha bei ya mchele ikaporomoka duniani kote, wakulima wakashindwa kulipa, na mashamba yaliyokuwa rehani yakaangukia mikononi mwa Wachettiar. Katika wilaya kuu za mpunga za Burma ya Chini, sehemu yao ya ardhi ilitoka asilimia 6 mwaka 1930 ikafika asilimia 25 mwaka 1938. Hawakuyataka mashamba hayo. Mkopeshaji anayebaki na shamba ni mkopeshaji aliyepoteza fedha taslimu. Lakini mkulima aliyeamka akakuta shamba alilofyeka babake sasa ni la Mtamil anayekaa Rangoon hakuhitaji mtu wa kumfundisha uchumi. Chuki iliyozuka ilikuwa kubwa. Nalisema hili kwa sababu watembeza wageni wa Karaikudi hawalisemi. Watakuambia nguzo hii ni msaji wa Burma, wataipiga kofi isikike uzito wake, kisha watapita. Nani alilipa msaji huo, hawafiki huko.

Wajapani walipoingia Burma mwaka 1942, Wahindi kwa malaki walikimbia, wengi kwa miguu kupitia misituni. Miaka miwili baadaye wazee wetu wa Keya, jeshi la Waingereza la huku kwetu, walipita Burma hiyo hiyo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikiteremka bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani. Kama uliwahi kumsikia mzee kwenu Tanga akisimulia mvua na ruba wa Bama, ujue ni nchi ile iliyojenga majumba utakayoyaona. Baada ya uhuru wa Burma, mwaka 1948, sheria ya kutaifisha ardhi ikapita, na katika miaka ya 1960 serikali ya kijeshi ikamaliza kilichobaki. Bomba la fedha likafungwa.

Nyumba zenyewe, basi. Nyingi zilijengwa kati ya katikati ya karne ya 19 na miaka ya 1940.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa mwanafunzi pale Tiruchirappalli, nikaenda mwezi wa tano saa sita mchana, mwezi ambao hata mbuzi wa kule hawatoki kivulini. Niliona milango iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine, barabara nzima ya kijiji cha Kanadukathan, nikarudi nimenuna. Mara ya pili nilikwenda mwezi wa kwanza, kama mtakavyokwenda nyie, nikafika alfajiri. Mzee mmoja mlinzi alikuwa anafagia baraza. Alinitazama, akatazama viatu vyangu, nikavivua, akachomoa kiunoni bunda la funguo, mmoja wao mrefu kama kiganja changu.

Nilisema baraza, na hilo ndilo neno lake hasa. Watamil huliita thinnai: jukwaa la mawe pande mbili za mlango ambapo mgeni anakaa bila kuingia ndani, na ambapo tajiri alipokea watu wa hesabu. Mtu wa Tanga au Lamu hahitaji kuelezwa. Juu ya mlango amekaa Lakshmi, mungu wa utajiri, kati ya tembo wawili, na juu zaidi, kwenye ukingo wa paa, utakuta sanamu za plasta zenye rangi ambapo miungu inachangamana na askari wa Kiingereza wenye bunduki. Wageni huwacheka askari hao. Mimi nawaona ni hesabu ya kweli kabisa: bila bunduki zile, Burma isingefunguka.

Simama kwenye kizingiti kabla ya kuingia, utazame mbele tu. Mlango wa mbele, ua wa kwanza, mlango, ua wa pili, mlango, ua wa tatu, mlango wa nyuma, na mtaa wa pili unang'aa mbali kama tundu la sindano. Nyumba imeanza mtaa mmoja imeishia mwingine, na macho yako yamepita yote bila kugusa ukuta. Hewa nayo hupita hivyo hivyo.

Ua wa kwanza ndio moyo. Ni uwanja wa wazi uliozungukwa na nguzo, na nyuma ya nguzo kuna milango midogo mizito iliyojipanga. Hapo ndipo pulli inapoingia. Kila mtoto wa kiume akioa alipewa chumba chake kwenye ua huo, na pamoja na chumba, jiko lake na bajeti yake. Wote wanakaa chini ya paa moja, kila nukta inapika chungu chake. Mama mkwe na wakamwana wanne, majiko matano. Nimewahi kuwasimulia akina mama wa Pangani jambo hilo, wakasema hao watu wana akili.

Vyumba vyenyewe ni vidogo na vya giza. Watu hawakulala humo sana. Walilala ukumbini na ushorobani penye upepo. Chumba kilikuwa ghala, na ghala ya nini nitakuambia mwishoni.

Mvua nayo ilipangiwa kazi. Mapaa ya vigae vya udongo yanainama kuelekea uani, maji yanashuka pembe nne, mengine yanakingwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, mengine yanakwenda kisimani, yanayozidi yanatiririka hadi kwenye bwawa la kijiji liitwalo oorani. Nchi kavu haichezei tone.

Sasa naomba uniwie radhi, maana hapa nakaa. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za chokaa, na kuta za Chettinad zimenidhalilisha.

Mzee yule mlinzi aliniambia niweke kiganja ukutani. Nikaweka. Ulikuwa baridi kama mtungi, na laini hata nikafikiri ni kaure. Nilipoondoa mkono, kivuli cha vidole vyangu kilionekana ndani ya ukuta kama kwenye maji. Ni chokaa, mwanangu. Chokaa ya makombe ya baharini iliyochomwa, ikalowekwa, ikasagwa siku nyingi, ikachanganywa na maji ya sukari guru na ya tunda kali wanaloliita kadukkai, ikapakwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka ya mwisho inatiwa ute wa yai na kusuguliwa kwa jiwe laini hadi ing'ae. Kule kwetu tuna niru, lipu yetu ya chokaa, na fundi mzuri wa niru wa Lamu angeelewa kila hatua isipokuwa subira. Kuta hizo hazijapakwa rangi kwa miaka mia na hazina haja. Mbaya wake ni mtu mmoja tu, fundi wa kisasa mwenye mfuko wa saruji. Akiziba ufa kwa saruji, chokaa inashindwa kupumua, chumvi inapanda, na ndani ya misimu michache ya mvua kioo kile kinabambuka vipande vipande. Nimeona kwenye majumba yao kama nilivyoona kwetu, kwa fundi mwenye uhakika ule ule.

Sakafu ni jambo jingine. Nyumba za mwanzo zilileta vigae vya maua kutoka Japani na Ulaya na kuvibandika hadi ukutani. Baadaye kijiji cha Athangudi kikajifunza kutengeneza vyake, na bado kinatengeneza. Nendeni mkaone; ni onyesho la dakika kumi ambalo mama anaweza kulitazama akiwa ameketi. Fundi anaweka kipande cha kioo cha dirisha chini, juu yake fremu ya chuma, ndani ya fremu chombo cha bati chenye vijumba vya maua. Anachota kwa kijiko saruji iliyotiwa rangi, nyekundu kwenye petali, njano katikati, kijani kwenye majani, bila kudondosha. Anainua chombo polepole, na rangi zinabaki zimesimama bega kwa bega bila kuchanganyika. Ananyunyiza saruji kavu na mchanga wa pale pale, anajaza mgongo kwa udongo wa saruji, anasawazisha, anaweka kando. Kesho yake vinazamishwa majini kwa siku kadhaa, kisha vinaanikwa. Hakuna tanuri, hakuna moto. Kioo kikibanduka, uso wa kigae umechukua ulaini wa kioo. Hakuna viwili vinavyolingana, na mstari wa petali hutikisika kidogo pale mkono ulipotikisika. Nyumbani hupigwa deki kwa mafuta kidogo ya nazi, na kadiri vinavyokanyagwa ndivyo vinavyong'aa.

Mengine yote, thurea za Ulaya, vioo vya Ubelgiji, nguzo za chuma za Uingereza, mtaonyeshwa bila kuomba. Jumba mashuhuri kuliko yote liko Kanadukathan, lilikamilika mwaka 1912, la Annamalai Chettiar ambaye baadaye alipewa cheo cha Rajah wa Chettinad na aliyeanzisha chuo kikuu kinachobeba jina lake. Ni nyumba ya familia, na mara nyingi wageni huitazama kutoka nje. Msisononeke. Lile la Athangudi hufunguliwa kwa kiingilio kidogo, na kwa ndani ni tamu zaidi. Karaikudi kwenyewe watawapeleka kwenye nyumba ya madirisha elfu. Piteni tu, ni ya picha.

Kwa nini zimefungwa? Fedha za Burma zilikatika, ndiyo, lakini Wachettiar hawakufilisika. Walikwisha kugeukia benki na viwanda. Indian Overseas Bank ilifunguliwa na mmoja wao tarehe 10 Februari 1937 katika miji mitatu kwa siku moja: Karaikudi, Madras na Rangoon. Alagappa Chettiar alitoa ardhi ekari 300 na rupia laki 15 ili serikali ijenge Karaikudi taasisi ya utafiti wa kemia ya umeme, nayo ipo hadi leo. Watoto wao wako Chennai, Singapore, Marekani. Kinachoziua nyumba ni kile kinachoziua za kwetu: mirathi. Nyumba ya babu ina wajukuu na vitukuu, kila mmoja ana fungu, hakuna anayeweza kuuza peke yake, hakuna anayetaka kutengeneza peke yake. Lakini hawaiachi. Harusi ifanyike popote duniani, ibada fulani bado inatakiwa ifanyike nyumba ya ukoo. Kwa hiyo mlinzi analipwa, ua unafagiwa, na siku moja kwa mwaka au miaka mitatu watu mia wanashuka kwenye mabasi, nyumba inapiga kelele, kesho yake kimya.

Wanaoshindwa kabisa huuza vipande. Karaikudi kuna mtaa mzima wa vitu vya kale, karibu na hekalu la Muneeswaran, na humo utakuta milango iliyong'olewa imesimamishwa barabarani kama watu wanaosubiri daladala. Utatamani. Usinunue mlango. Kwanza sheria ya India hairuhusu mtu binafsi kutoa nje ya nchi kitu cha kale cha zaidi ya miaka mia; pili kila mlango unaouzwa ni nyumba iliyobomolewa. Nunua kikombe cha bati la rangi au kijisahani, kuna marundo, na havimbomoi mtu. Na kuna vikapu vidogo vya majani ya mvumo viitwavyo kottan, vinavyosukwa na wanawake na kupambwa kwa rangi kali. Msukaji mkeka yeyote wa kwenu atavigeuzageuza kutafuta mwanzo wa shupatu.

Nimesahau chakula, na mama atakuwa ananisubiri hapo. Sifa ya Chettinad imeenea India nzima kwa ajili ya kuku wa pilipili manga, na hoteli za kila mji huandika jina hilo kwenye kitu chochote chenye kuwasha. Chakula cha kwao chenyewe hakiwashi tu, kinanukia. Wana viungo viwili vya ajabu: kalpasi, ambayo ni kimea kikavu mfano wa kuvu kinachoota juu ya mawe na magome, hakina maana mpaka kiguse mafuta ya moto, na tumba kavu za mti wa jamii ya msufi wetu, zinazoonekana kama karafuu zilizonenepa. Ongeza bizari tamu, iliki, mdalasini na nyota ya Kichina waliyoizoea huko Saigon na Malaya. Wali unakuja juu ya jani la mgomba. Burma nayo imebaki mezani: kavuni arisi, mchele mweusi unaonata, unaopikwa kwa sukari na nazi. Ule, hata ukishiba. Asubuhi agizeni kuzhi paniyaram. Litakapoletwa, mama atakutazama wewe kisha atatazama sahani. Ni kitumbua, mwanangu. Chuma chenye vishimo, unga wa mchele, kinageuzwa kwa kijiti. Kuna cha sukari guru na kuna cha chumvi chenye vitunguu na pilipili. Kwa nyama, kama mnatafuta ya halali, ulizieni Karaikudi mjini, Waislamu wapo na mikahawa yao ipo.

Mpango wenyewe usiwe wa kukimbizana. Kutoka Madurai ni kama kilomita 90, saa mbili kwa gari la kukodi, na afadhali gari kuliko basi kwa sababu ya mama. Laleni Kanadukathan au Karaikudi. Baadhi ya majumba yamegeuzwa hoteli na bei zake si za masikini, lakini Karaikudi kuna nyumba za wageni za kawaida. Siku ya kwanza fikeni jioni, mpumzike. Siku ya pili saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mnatembea Kanadukathan kabla jua halijachukua barabara, kisha Athangudi, kisha mrudi kulala mchana kama wenyeji. Jioni, kama mama ana nguvu, hekalu la Pillaiyarpatti liko karibu na Karaikudi, limechongwa ndani ya mwamba, na Ganesha wake, mungu mwenye kichwa cha tembo, ana mikono miwili tu badala ya minne. Hata kama si dini yenu, watu wanaoingia na kutoka wanatosha kutazama. Viatu nje, magoti na mabega yafunikwe. Siku ya tatu kuna ngome ya Thirumayam ya mwaka 1687 juu ya jabali, upepo mzuri, lakini ngazi. Ngazi si za mtu aliyetoka kupasuliwa jicho. Mimi ningeiacha nikarudi kwenye nyumba moja niliyoipenda.

Na hapo nikumalizie habari ya ghala. Mkishazoeana na mlinzi, na mkono wako umeshatoa rupia kidogo za chai bila kuonekana, mwombe awafungulie kimoja cha vile vyumba vya giza. Ndani kuna mahari ya kinyumenyume: vitu ambavyo bibi harusi alitoka navyo kwa wazazi wake. Masufuria ya shaba yaliyopangwa kwa ukubwa hadi darini, ndoo, sinia za bati la rangi za Ulaya, mikeka iliyokunjwa na haijakunjuliwa tangu ifungwe, vibuyu vya achari vya kaure kutoka China, vijiko kwa dazeni, na kila kimoja kimechongwa herufi za jina la msichana. Nilichoonyeshwa mimi kilikuwa cha mwanamke aliyeolewa akiwa na miaka kumi na mingapi, mume akapanda meli kwenda Rangoon mwezi uliofuata. Mlinzi alishusha sufuria moja, akapangusa herufi kwa ncha ya shuka yake, akanisomea jina lake polepole, kisha akairudisha mahali pake pale pale, mpini ukitazama mlango. Mpelekeni mama kiti humo ndani. Hatataka kutoka upesi.